Picha ya Mkamwana Anayekimbia

Miaka ya mwanzo niliyoishi kwa wakwe zangu pale Suma, baba mkwe nilimjua kwa kikohozi, kwa mlio wa fimbo yake na kwa koti lake likiwa kwenye kamba. Uso wake sikuwa nimeuona. Kwetu Wanyakyusa mkamwana humwepuka baba wa mumewe. Hakai naye chumba kimoja, hamsalimii, hatamki jina lake, na wakikaribia kukutana njiani mkamwana ndiye anayeingia migombani mpaka mzee apite. Nimelowa sana kwenye migomba ile, maana Rungwe mvua haiombi ruhusa, na nilikuwa nanung'unika humo kwa sauti ya chini. Wenzangu niliosoma nao Tukuyu walishaacha mambo hayo zamani. Walikuwa wanakula meza moja na wakwe zao na kuwamiminia chai. Mimi bado nilikuwa naruka mitaro.

Kilichonikera zaidi ni kwamba mzee mwenyewe hakuwa Mnyakyusa. Alizaliwa Kenya, upande wa magharibi. Alikuja bado kijana, fundi wa laini za simu, enzi zile nchi zetu tatu zilipokuwa na jumuiya moja na posta moja, akasimamisha nguzo kutoka Mbeya kuteremka hadi mpakani. Akaoa Suma. Jumuiya ilipovunjika wenzake walifungasha wakarudi kwao, yeye akabaki kwa sababu alikuwa na mke, mtoto na shamba la chai lililokuwa ndiyo kwanza limeanza kuchumwa. Siku nilipoolewa, wazee wa ukoo wa mama mkwe walimwambia kwa kumhurumia kwamba yeye hiyo mila isimbane, mkamwana anaweza kumsalimia tu kama kawaida. Alikasirika vibaya. Mume wangu ndiye aliyenisimulia alivyojibu: "Mabinti wa nyumba zote hapa wanawakimbia wakwe zao. Wa kwangu asinikimbie kwa nini? Mimi ni nani?"

Basi nikawa nakimbia.

Halafu mtoto wa jicho akamwingia mzee, jicho moja kwanza, kisha la pili. Kitu alichokililia ni magazeti. Mume wangu alikuwa anafanya kazi Mbeya na kila Jumamosi alirudi na bunda la magazeti ya wiki nzima, lakini Jumapili alfajiri alishaondoka tena, na mama mkwe hakujua kusoma. Mama mkwe ndiye aliyepata ufumbuzi. Mimi ningekaa naye jikoni nimsomee yeye. Kama mzee alikuwa ameketi barazani upande wa pili wa ukuta, hilo lilikuwa shauri lake na kiti chake. Nikawa nasoma kwa sauti ambayo mtu aliye karibu nami hakuihitaji, na mama mkwe akawa anamenya ndizi na kuitikia "ee" kwa heshima, hata kwenye habari za mpira. Mzee alipotaka kitu kirudiwe, alimwambia mkewe. "Mwambie huyo msomaji wako arudie pale pa bei ya chai." Mama mkwe alinigeukia, nami niko naye goti kwa goti: "Anasema rudia pale pa bei ya chai." Nikarudia. Nilikuwa napenda saa hizo, ingawa nisingekiri mbele ya mtu.

Ilikuwa miaka ile ya ruhusa. Duka la ushirika lilikuwa limekufa na watu binafsi walikuwa wamefungua yao, vyama vya siasa vilikuwa vingi, na kila mwenye fedha kidogo alianzisha gazeti. Ndipo ikaanza kusemwa kwamba ile jumuiya ya nchi tatu itafufuliwa. Mzee alifurahi. Nilimsikia akimwambia mkewe kwamba sasa ataweza kwenda kuona kaburi la mama yake na kurudi bila kuulizwa maswali.

Chama kile kilianza kwenye kurasa za ndani. Kilikuwa chama kidogo, na mwenyekiti wake alikuwa mtu wa Dar es Salaam anayevaa kofia ya majani. Alisema jumuiya ni mtego, Wakenya watakuja kuchukua ardhi, kazi na viwanda, na walio tayari nchini ni watangulizi wao. Mara ya kwanza niliyosoma habari hiyo mama mkwe alicheka ile kofia kwenye picha nilipomwonyesha. Wiki iliyofuata kofia ilikuwa ukurasa wa tatu. Kisha ukurasa wa kwanza, chini. Kisha juu kabisa, kwa maandishi mekundu. Mwenye kofia akisema neno kali, gazeti linaliweka mbele, na akiona limewekwa mbele anatafuta lingine kali zaidi. Magazeti mengine yalikuwa yanampinga, ila nayo yalimweka mbele ili yampinge vizuri. Pale Suma hapakuwa na hata mwanachama mmoja, mpaka gazeti lilipoandika kwamba chama kinapata wanachama kila kona ya Nyanda za Juu Kusini. Baada ya hapo nikaona bendera imefungwa kwenye banda la kukusanyia maziwa.

Niliogopa siku hiyo. Nilikuwa na ndoo ya maziwa kichwani na nilihisi shingo inakuwa nyepesi, kama ndoo imetolewa.

Jumapili ile mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimeisoma habari ya chama kwa haraka haraka, nikitafuna maneno, kisha nikakimbilia matangazo ya vifo.

"Mwambie msomaji asiruke," alisema mzee.

"Anasema usiruke," akasema mama mkwe.

"Mwambie mimi nimeshika nyaya za simu miaka mingi. Najua sauti ya mtu anayeficha jambo."

Mama mkwe hakulifikisha hilo. Alinitazama tu, nikarudi ukurasa wa kwanza nikasoma yote: kwamba Wakenya wasio na vibali waorodheshwe kijiji kwa kijiji, na wananchi wawataje. Mzee hakuwa na kibali chochote. Alipokuja, nchi hizi zilikuwa hazidaiani vibali, na zilipoanza kudaiana yeye alikuwa anapalilia chai. Kila mtu Suma alijua hivyo. Sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo la hatari, na sasa nilikuwa nalisoma kwa sauti huku jirani anapita njiani.

Tangu hapo kila pikipiki iliyopunguza mwendo kwenye njia yetu ilinifanya nichungulie dirishani. Mume wangu alisema nina hofu ya bure, magazeti ni biashara. Lakini na yeye aliacha kumtaja baba yake akiwa kazini Mbeya. Niligundua pale mwenzake mmoja aliponiuliza kama mzee wa mume wangu alishafariki.

Mwandishi wa habari alikuja mchana, jua limetoka baada ya mvua. Alikuwa kijana mstaarabu, viatu vyeupe, kamera kifuani. Alimwamkia mama mkwe vizuri na kusema anaandika makala kuhusu watu waliobaki baada ya jumuiya kuvunjika. Mama mkwe akamwita mzee atoke ndani. Mimi sikujua lolote. Nilikuwa natoka shambani na kapu la chai mgongoni, nikakunja kona ya nyumba, na hapo hapo fimbo ikagonga kizingiti. Nilifanya nilichofanya kila siku. Nilitupa kapu, nikajifunika kanga usoni, nikatimua mbio migombani. Nyuma yangu nikasikia kamera.

Hakuniuliza kitu. Laiti angeuliza, ningemjibu kutoka humo humo migombani. Nadhani aliona ameshaelewa.

Gazeti lilikuja na bunda la Jumamosi, na mume wangu hakuwa amelifungua. Nililifungua mimi jikoni, Jumapili, mama mkwe akiwa na kisu na ndizi, mzee barazani. Ukurasa wa kwanza nilikuwa mimi. Mgongo wangu, visigino vyangu, majani ya chai yamemwagika, na kwenye pembe ya picha fimbo na nusu ya koti. Juu yake kwa wino mwekundu: HOFU YA MKENYA RUNGWE. HATA MKE WA MWANAWE HUMKIMBIA.

Nikalikunja gazeti.

"Mwambie asome," alisema mzee.

Nikasoma. Mwandishi alisema alishuhudia kwa macho yake mwanamke wa nyumba ile akiacha kazi na kukimbia kwa woga mara tu mzee huyo alipojitokeza, akiwa ameficha uso. Alisema kijiji kinaishi kwa hofu. Alimnukuu kiongozi wa chama aliyesema, kama hivi ndivyo wanavyowafanyia wake za watoto wao, watatufanyia nini sisi jumuiya ikifufuka? Mama mkwe alianza kucheka kabla sijamaliza. Alicheka mpaka akaweka kisu chini, machozi yakamtoka. "Uongo fijo!" alisema. "Uongo kabisa! Hajui hata mkamwana ni nini!" Nami nikaanza kucheka, kwa kweli nilikuwa natamani sana kucheka. Kisha tukagundua kwamba barazani hakuna anayecheka.

"Waulize watu," mzee alimwambia mkewe taratibu. "Wanaojua watacheka. Wasiojua ni wangapi?"

Wasiojua walikuwa wengi. Picha yangu ilibandikwa sokoni Tukuyu, kwenye ukuta wa duka la pembejeo. Gari la chama lilipita na kipaza sauti likinitaja, mwanamke wa Suma, dada yetu anayeteseka. Nilikwenda sokoni kuuza maparachichi na nikasimama chini ya visigino vyangu mwenyewe, hakuna aliyenitambua kwa sababu kwenye picha sikuwa na uso. Kwetu Kinyala, nilikozaliwa, kaka yangu alituma mtu aje kuuliza kama napigwa.

Halafu vijana watatu wakanisimamisha njiani. Hawakuwa wa kijijini, walivaa fulana za chama, na walikuwa na adabu. Hiyo adabu ndiyo iliyonitia hofu hasa. Mtu akinitukana najua pa kumweka, mimi si mpole.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye yule wa kwenye gazeti?"

"Mimi ni mchuma chai."

"Usiogope, mama. Tunajua unatishwa. Tutakuja kumtoa. Wewe kaa pembeni tu, tutamaliza sisi."

Niliwaeleza. Niliwaambia ni mila, kwamba mama zao na bibi zao walikimbia vivyo hivyo. Mmoja akaniambia kwa upole kwamba mtu anayetishwa ndivyo anavyosema. Walikuwa wanakuja kumtoa kwa ajili yangu. Visigino vyangu ndivyo vilivyowaita, na nisingeweza kuvirudisha.

Chama kiliomba mkutano wa kijiji. Hoja ilikuwa moja: je, Suma inamtambua mzee huyu kuwa mwenzao, au haimtambui? Ikisema haimtambui, mtendaji angempeleka Tukuyu kwa watu wa uhamiaji, na kutoka huko ni mpakani, na mpaka wa Kenya uko mbali sana kwa mzee kipofu asiyebaki na mtu upande ule. Shamba lingerudi kwa kijiji. Mama mkwe angebaki na kiti kitupu barazani.

Mtendaji wa kijiji alikuwa mtu wa pwani, mwaminifu, aliyeletwa na kazi. Alikuja kuniona siku moja kabla. "Mama, jambo hili ni dogo," alisema. "Kesho usimame mbele ya watu, usogee kwa mzee, umpe mkono, umwamkie. Yule mwandishi atakuwepo. Atapiga picha nyingine, na habari itakuwa imekwisha." Mume wangu alikuwa amerudi kwa ajili ya mkutano, akamuunga mkono. "Simama naye tu, mke wangu. Dunia imebadilika. Unataka baba afukuzwe kwa sababu ya migomba?" Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anapepeta maharage na hakuinua kichwa.

Nilikubali. Nilikuwa nimeichoka ile mila miaka yote, sasa mbona nilikuwa sitaki?

Mkutano ulikuwa kwenye kiwanja cha banda la kupimia chai, asubuhi, ukungu bado umelala mashambani. Watu walijaa kuliko siku ya malipo. Vijana wa fulana walikuja na gari kutoka Tukuyu wakakaa mbele, na mwandishi alisimama pembeni yao na viatu vyake vyeupe vikiwa na tope. Mmoja wa vijana alisoma gazeti lote kwa sauti, vizuri, kwa mbwembwe za redio. Alipofika pale pa kukimbia nilisikia wazee wawili watatu nyuma wakiguna, lakini vijana walipiga makofi na mguno ukapotea humo. Nilikuwa nahesabu nyuso za watu waliokula kwetu, na siku hiyo sikujua hata mmoja wao anawaza nini.

Mtendaji akaniita. Nikasimama mbele, kwenye nyasi. Akasema: "Mama huyu atatuonyesha mwenyewe kama anamwogopa mzee au hamwogopi. Mleteni mzee."

Mama mkwe alimleta ameshika ncha ya fimbo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejifunza yale maneno, "Shikamoo baba," nikayarudia njia nzima. Niliinua macho na kwa mara ya kwanza nikamwona. Alikuwa amenyoa ndevu. Koti lile la kwenye kamba lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Macho yake yalikuwa meupe na yalitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu, na mdomo wake ulikuwa unacheza. Hakuna aliyemwambia nitakachofanya. Mzee huyu, niliyemsomea magazeti yote yale, alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Kamera ikainuliwa. Nikatoa mguu mmoja kumwelekea.

Mguu wa pili ulikwenda kwingine. Sijui nieleze vipi. Sikuamua. Nilijikuta kanga iko usoni na ninakimbia, napita katikati ya wanawake, naruka mtaro, naingia kwenye chai. Niliangukia kifua kati ya mistari, nikabaki hapo, umande unanilowesha, na nikajua nimemuua. Mbele ya mwandishi, mbele ya mtendaji, mbele ya fulana zote zile, nilikuwa nimewaonyesha picha yao kwa mara ya pili.

Kisha kijana wa kipaza sauti akapaza: "Mmeona wenyewe!"

Na hapo bibi mmoja akacheka. Nilikijua kicheko chake, ni jirani wa chini yetu. Akafuata mwingine. Kikaja kicheko cha wazee wanaume, kizito, kikaenea kiwanja kizima, na mimi kwenye chai sikujua wanamcheka nani. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyenyamazisha watu. Alikuwa mkulima kama sisi, na sauti yake ilikuwa haihitaji kipaza.

"Tumeona, ndio," alisema. "Ninyi wageni wetu mmeona mtu anakimbia. Sisi tumeona mtu na baba mkwe wake. Mke wangu alimkimbia baba yangu mpaka tulipomzika. Hapa hakuna binti anayemkimbia mpita njia. Angekuwa mgeni, si angempa mkono? Wanaomjua mzee huyu wanyooshe."

Sikuiona mikono. Nilisikia nguo zikichakacha na mtu akisema "ndaga, ndaga," asante, asante, na ilikuwa sauti ya mama mkwe. Kisha mwenyekiti akatangaza kwamba Suma inamtambua, na kwamba mkutano umefungwa.

Lakini gari la chama halikuondoka. Walikuwa wanabishana na mtendaji kwamba mila haiwezi kuwa kibali, kwamba watarudi, kwamba gazeti litaandika. Na mwandishi alikuwa anakuja upande wangu. Nilimsikia akivuka mtaro. "Mama! Toka, tumemaliza! Picha moja tu ya furaha, wewe na mzee pamoja!" Mume wangu naye akaita: "Toka sasa, hakuna neno tena." Nikaanza kuinuka. Nilikuwa nimelowa, nimechubuka, nilitaka kwenda nyumbani nikote moto. Tena nilikuwa na hamu, nakiri, ya kuuona uso ule mara nyingine.

Ndipo nikasikia fimbo ikipapasa ukingo wa mtaro, peke yake, bila hatua za mama mkwe. Ilisimama karibu. Tangu niolewe hakuwahi kunipa neno moja bila kulipitisha kwa mkewe. Mzee aliwageuzia mgongo watu wote, akainamia majani ya chai, na alisema kwa sauti ya chini sana, akihema:

"Usitoke, mwanangu. Bado wanatazama."